Penseli, peni au rangi za maji: ubebe nini ukienda kuchora nje?

Kuna mchu mmoja, aina ya mkoko, ukingoni mwa mkono wa bahari, nje kidogo ya mji wa Tanga, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi wakisubiri maji. Si mti wa kutisha kwa ukubwa. Umeinamia baharini, na chini yake mizizi ya kupumulia imechomoza topeni kwa mamia, kila mmoja urefu wa shibiri, kama penseli alizochomeka mtoto mtundu. Mti huo nimeuchora mara tatu, kutoka pale pale, nimekalia ndoo ile ile iliyopinduliwa: mara ya kwanza kwa penseli, ya pili kwa peni ya kawaida ya dukani, ya tatu kwa rangi za maji.

Kila mara nilisubiri maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kupita kawaida. Bahari haina saa moja. Leo ikikupwa katikati ya asubuhi, kesho itachelewa kama dakika 50, keshokutwa zaidi, mpaka unajikuta mizizi imeonekana vizuri lakini jua liko utosini na kivuli hakuna. Ukingoja bamvua irudi, wiki mbili baadaye, maji yanakupwa karibu saa ile ile na mwanga unaangukia upande ule ule. Bila hivyo ningekuwa nalinganisha mwanga, si vifaa.

Nilijitaabisha hivyo kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila mara: "Kaka, nataka kuanza kuchora mandhari, ninunue nini?" Zamani nilijibu haraka haraka, "Penseli tu," kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Siku moja binti wa jirani, anayesomea mimea chuoni, akanigeuzia kibao: "Kwani hizo nyingine umezijaribu? Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Sikuwa na jibu. Basi haya ndiyo niliyoyaona.

Tupime kwa nini

Mezani una feni, taa na muda. Nje una siafu, upepo na jua linalohama. Kwa hiyo kila kifaa nimekiuliza maswali sita, yale yale:

*Mfuko na mkoba*: kinagharimu nini, kinapatikana wapi, kina uzito gani ukipanda nacho bodaboda?
*Muda*: kinaweza kufuata kitu kisichokusubiri?
*Ukikosea*: unarudi nyuma au ndiyo basi?
*Kinachokamata*: kina nguvu kwenye mstari, kwenye kivuli au kwenye rangi?
*Jua, mvua na jasho*: kinavumilia hali ya hewa yetu?
*Baada ya miaka*: mchoro utabaki ulivyo?

Hilo swali la nne ndilo linalowachanganya wengi bila wao kujua. Mtu anasema "nataka kuchora mlima," kumbe kinachomvuta si mlima, ni ile rangi ya mlima jioni. Ukimpa penseli atachora wiki nzima na hataridhika.

Penseli

*Mfuko na mkoba.* Penseli ya HB haifikii bei ya soda, na iko kila duka la mtaani. Herufi zake zina maana: H ni ugumu, B ni weusi. Namba ikipanda upande wa H mstari unazidi kukauka na kupauka, ikipanda upande wa B unalainika na kukolea. Ni suala la mapishi tu: unga wa grafaiti unachanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha unachomwa, na udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu. Mapishi hayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliyapatia hataza mwaka 1795, wakati vita ilikuwa imewakatia Wafaransa grafaiti safi iliyokuwa ikitoka Uingereza. Risasi haimo hata chembe, ingawa wazee wetu wanaiita kalamu ya risasi mpaka leo.

Kwa kazi ya nje HB, 2B na 6B zinatosha. HB na 2B hazitakusumbua. 6B utaizungukia kwenye steshenari za mjini. Ongeza raba, wembe na daftari lisilo na mistari. Nasema wembe kwa makusudi. Kichongeo kinatoa ncha fupi ya kuandikia, wembe unatoa ncha ndefu inayoweza kulala ubavu na kupaka kivuli kipana kwa mkupuo mmoja.

Mbao yake nayo ina kisa cha huku kwetu. Mtarakwa, mti unaoota kwenye misitu ya juu ya Kenya na ya Usambara Magharibi, Waingereza wameupa jina la mwerezi wa penseli kwa sababu mbao yake ni laini, nyuzi zake zimenyooka, na inachongeka bila kupasuka. Wajerumani waliikata kule Shume, Lushoto, na kuiteremsha kwa njia ya waya mpaka Mkumbara. Kila nikichonga penseli nikasikia harufu ile, nakumbuka Lushoto.

*Muda.* Hapa penseli haina makuu. Mchoro wa dakika 3 ni mchoro, wa saa 3 nao ni mchoro. Unaweza kuuacha popote. Nikiwa kwenye ule mchu alikuja mdiria akatua kwenye tawi kavu. Nilipata mgongo, mdomo na ile shingo isiyoonekana, kisha akajitupa majini na hakurudi. Mistari sita. Inatosha kabisa kumtambua.

*Ukikosea.* Watu wanadhani raha ya penseli ni raba. Mimi naona raha yake iko kabla ya raba: unaweza kuweka mstari usio na uhakika. Unaishika nyuma, mbali na ncha, unagusa karatasi kama unampapasa paka, na mstari unatoka hafifu kiasi kwamba hujaahidi kitu. Tawi limeinama hivi, au hivi? Unaweka yote mawili, unatazama tena, unakoleza lililo sahihi, na lile lingine unaliacha limezama ndani ya kivuli. Mti hausogei, lakini macho yako yanasogea, na penseli inakupa nafasi ya kubadili mawazo. Raba yenyewe naitumia zaidi kuchora mwanga. Nimewahi kukaa Irente, juu ya ule mwamba unaotazama nyika za Mazinde, ukungu ukiwa umefunika kila kitu. Nilisugua ukurasa mzima kwa 6B, nikaupapasa kwa leso mpaka ukawa kijivu kimoja, kisha nikachomoa mwanga kwa ncha ya raba: ukingo wa jabali, vilele viwili vya miti. Ukungu ule kwa peni nisingeuweza.

*Inachokamata.* Kivuli kwanza, umbo la pili, mstari wa tatu, rangi hakuna. Pale mikokoni nilianza kwa kufinya macho mpaka majani yote yakawa bonge moja la giza, nikalipaka kwa ubavu wa 2B bila kuchora jani hata moja. Kisha nikaacha karatasi nyeupe pale jua lilipogonga tope lenye maji. Mizizi niliichora mwisho, ya mbele kwa 6B iliyochongwa sindano, ya nyuma kwa HB tu, ikififia kadiri inavyoelekea majini. Hapo ndipo umbali unapozaliwa. Unapunguza mkandamizo wa mkono, macho yanaamini kuwa kitu kiko mbali. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere, alichora wanyama wa ukanda huu kwa penseli, na ukitazama namna kivuli kinavyozunguka bega la mnyama unamhisi mfupa ndani.

Lakini jani la mchu lina siri: juu ni kijani, chini ni la fedha, na siku za ukavu lina chembechembe za chumvi ambazo mti wenyewe umezitoa. Ile fedha penseli inakaribia kuipata. Kijani haipati. Mimi huandika pembeni mwa mchoro, "kijani cha mchicha uliochemka", "tope la chai ya maziwa", na nyumbani nakumbuka.

*Jua, mvua na jasho.* Tone la mvua haliyeyushi grafaiti. Karatasi ndiyo itakayoharibika. Adui ni kiganja chako. Joto la pwani linatoa jasho, jasho linaburuta weusi, na baada ya nusu saa anga lako lina alama ya mkono. Weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono, na kama unatumia mkono wa kulia anza kukoleza kutoka kushoto. Halafu kuna ule mng'ao: grafaiti ikikolea sana inang'aa kama sufuria, na juani unashindwa kuona ulichochora. Kaa kivulini au geuza ubao.

*Baada ya miaka.* Grafaiti ni kaboni, haipauki kwa jua. Inachoogopa ni kusuguliwa. Daftari likikaa miezi kwenye begi, kurasa zinaambukizana. Tia karatasi katikati, au upulizie ile dawa ya nywele ya kopo, kwa mbali na kidogo kidogo.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza kuona maumbo, anayependa ukungu, mawingu, manyoya na miamba, na yeyote ambaye hana uhakika atakuta nini huko aendako. Haimfai anayevutwa na rangi, wala mwenye tabia ya kufuta kila mstari mpaka karatasi inatoboka. Wa namna hiyo nawajua wengi. Nilikuwa mmoja wao.

Peni

*Mfuko na mkoba.* Pengine unayo mfukoni sasa hivi. Peni ya kawaida yenye kijipira nchani, ile Wakenya wanayoiita biro kwa jina la László Bíró aliyeipatia hataza mwaka 1938, inaandika kwenye karatasi yoyote: ya fotokopi, ya kaunta buku, hata nyuma ya risiti. Haichongwi, haihitaji raba. Peni za wasanii zenye wino mweusi usioyeyuka ni bora zaidi, ila nje ya miji mikubwa ni nadra na bei yake inauma. Na ukiwa kando ya mto, ipo ya bure. Chonga tete kwa pembe kama walivyochonga wanafunzi wa madrasa wa pwani hii, chovya kwenye wino. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alichora mashamba ya Arles, Ufaransa, mwaka 1888 kwa kalamu za matete hivyo hivyo.

*Muda.* Ni ya haraka kuliko zote, kwa sababu haina mjadala. Mstari ukishawekwa, unakwenda mwingine. Nilipoichukua kule kwenye mchu nilimaliza kwa dakika 40 kile ambacho penseli ilinichukua saa 2.

*Ukikosea.* Ndiyo basi. Mstari wangu wa pili siku ile ulikuwa wa shina, na ulikosea. Niliona papo hapo kuwa nimeulaza mno. Nikaweka wa tatu pembeni yake, nikaendelea. Ajabu ni kwamba ile mistari miwili ndiyo inayoufanya mti uonekane unasukumwa na upepo. Si kila kosa lina bahati hiyo. Ila peni inakufundisha kutazama kwa muda mrefu kabla ya kugusa karatasi, jambo ambalo penseli inakuvumilia usilifanye.

*Inachokamata.* Mstari na mikwaruzo ya maumbile: magamba ya mnazi, makuti, mizizi ya mkoko iliyojipinda kama miguu ya kaa, michirizi ya mbuyu. Msitu wa mizizi ya kupumulia, uliokuwa mateso kwa penseli, kwa peni ulikuwa mchezo: mstari, mstari, mstari, kila mmoja umesimama wima na mkali. Kivuli unakipata kwa kupanga mistari karibu karibu na kuikatiza, au kwa nukta. Peni ya kawaida ina siri moja nzuri, ukiigandamiza kidogo sana inatoa kijivu, karibu kama penseli. Lakini ukungu, moshi, manyoya ya kifaranga na maji yaliyotulia vinahitaji subira ambayo mimi sina.

*Jua, mvua na jasho.* Wino wa peni ya kawaida una mafuta, hauogopi tone la maji wala jasho. Ule wa jeli ni kinyume chake: manyunyu kidogo tu na mchoro wako unalia. Karatasi ikipata unyevu wa umande, peni zote zinagoma. Na kwenye joto usiiweke kwenye mfuko wa shati jeupe, sihitaji kueleza. Vile vibonge vya wino vinavyojikusanya nchani vifute kwenye kitambaa kabla havijakushushia doa katikati ya anga.

*Baada ya miaka.* Hapa niliumia. Mchoro mmoja wa peni ya buluu niliuwekea fremu nikautundika mkabala na dirisha. Haikupita miaka mingi, minazi ikabaki kivuli cha minazi. Wino wa kawaida hupauka kwenye mwanga. Ndani ya daftari lililofungwa unadumu vizuri tu, na wino wenye unga wa kaboni unadumu zaidi.

*Inamfaa nani.* Msafiri, mwenye mkono mwepesi, anayeandika shajara na kutaka mchoro ukae kando ya maneno. Pia aliyechoka na ufutaji wake mwenyewe. Anayeanza kabisa anaweza kukata tamaa nayo mapema, ingawa wapo wanaopona humo humo.

Rangi za maji

*Mfuko na mkoba.* Kisanduku cha vidonge vya rangi, brashi moja ya duara yenye ncha, chupa ya maji, kifuniko cha kuchanganyia, kitambaa. Havina uzito wa kutisha, ila ni vingi, na vikipanda nawe daladala utavihesabu. Gharama kubwa si rangi, ni karatasi. Ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba; ukiitia maji inajikunja kama chapati inayoungua. Unahitaji ya gramu 300 au karibu na hapo. Niliwahi kuuziwa mjini daftari lililoandikwa kwa maringo kuwa ni la rangi za maji. Brashi ya pili tu, uso wa karatasi ukaanza kuchubuka vinyuzinyuzi. Tangu siku hiyo naomba kukata kona niijaribu kwa mate kabla sijatoa hela, na wauzaji wananitazama vibaya.

Kinachoshikilia rangi ndani ya kidonge ni gundi ya mgunga. Sudan ndiyo mzalishaji mkubwa, na hata kaskazini mwa Kenya wafugaji huigema.

*Muda.* Rangi ina saa yake na wewe unafuata. Tabaka la kwanza lazima likauke, la pili lisubiri. Pwani hewa imejaa unyevu. Unaweza kukaa dakika 15 unapepea ukurasa kwa kofia. Dodoma mwezi wa tisa ni kinyume, brashi inakauka kabla hujamaliza anga. Lakini ukiridhika na mabaka mawili matatu, ni kifaa pekee kinachoweza kukamata machweo yetu. Huku karibu na ikweta jua likishazama, dakika 20 hivi giza limeshaingia. Huwezi kulieleza anga hilo kwa 2B.

*Ukikosea.* Rangi ikiwa bado mbichi unaweza kuinyonya kwa kitambaa au brashi kavu. Ikishakauka, baadhi inatoka kidogo, baadhi imeshaingia karatasini. Ugumu uko kwenye kanuni yenyewe: unaanza na vyepesi, unamalizia na vizito, na nyeupe ni karatasi uliyoiacha. Ukisahau kuacha mng'ao wa maji tangu mwanzo, hurudi kuutafuta.

*Inachokamata.* Rangi na hali ya hewa. Mchu wangu wa tatu hauna mizizi inayohesabika, ni mabaka ya hudhurungi yaliyokimbiana yenyewe, lakini ndio pekee kati ya mitatu unaokuambia ilikuwa asubuhi na kwamba tope lilinuka. Maji yaliakisi samawati ndani ya tope la chai ya maziwa, na kule ambako penseli iliniambia "giza", rangi iliniambia kuwa giza lile lilikuwa zambarau. Usidhani pia kuwa rangi za maji ni za mabaka tu. Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1503 alichora kwa hizo hizo kipande cha nyasi za kawaida, jani kwa jani, na ukikitazama unaweza kutaja mimea. Kuna maua ambayo penseli inayaonea kabisa. Lile ua la urujuani la misitu ya Usambara, lililoelezwa kitaalamu mwaka 1893 na Hermann Wendland kutokana na mbegu zilizopelekwa Ujerumani kutoka Tanga na Walter von Saint Paul-Illaire, ukilichora kwa grafaiti umechora ua lolote lenye petali tano.

*Jua, mvua na jasho.* Mvua ni kifo. Tone moja linaacha ua jeupe katikati ya kazi yako. Upepo unarushia mchanga juu ya rangi mbichi. Na usichovye maji ya bahari ati kwa sababu yako karibu, chumvi inabaki karatasini na kuita unyevu. Beba ya kwenye chupa.

*Baada ya miaka.* Inategemea rangi. Zile za watoto wa shule zinapauka upesi, zilizotajwa aina ya unga wake kwenye lebo hudumu. Pwani adui mwingine ni kuvu, karatasi nene inapenda unyevu. Hifadhi mahali pakavu, si kwenye sanduku la chini ya kitanda.

*Inamfaa nani.* Anayeota kwa rangi, mwenye subira ya kukaa mahali pamoja, na mwenye uwezo wa kununua karatasi nzuri bila kuionea huruma. Ukiwa unaogopa kuharibu karatasi kwa sababu ya bei, mkono wako utakufa ganzi.

Na mkaa? Na simu?

Mkaa nimeuacha nje kwa sababu mikokoni upepo unaupeperusha wote, ila kwa mandhari makubwa, mbuyu kwa mfano, au mawingu ya masika, hauna mpinzani kwa weusi. Unaweza kujitengenezea: jaza vijiti vikavu vyembamba ndani ya kopo, lifunike, toboa tundu dogo, liweke kwenye moto mpaka moshi uishe. Mkaa wa kupikia ni mgumu, unakwaruza karatasi.

Simu nayo ibebe. Mimi hupiga picha moja nikifika, ili jua likihama nijue kivuli kilikuwa wapi. Ila nimegundua nikichora kutoka kwenye picha peke yake nachora picha, si mahali.

Kuna wanaoniuliza mbona sitaji Tingatinga kwenye mambo ya kuchora wanyama. Ile ni rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, kazi ya kivulini na ya kumbukumbu, tangu enzi za Edward Said Tingatinga mwenyewe pale Dar es Salaam. Ni ulimwengu mwingine kabisa, na mzuri.

Kwa hali yako

Una dakika 15 kabla basi halijaondoka, na mlima uko mbele yako: peni, kama unayo, penseli, kama unaogopa.

Unaenda kutazama ndege au mbega: penseli. Kitu kinachokimbia kinahitaji mstari unaoweza kukanushwa. Mwenye mkono uliozoea anaweza kuchukua peni, na michoro yake itakuwa na uhai zaidi kuliko yangu.

Unasomea mimea au wadudu na mchoro wako utasahihishwa na mwalimu: penseli ngumu kwanza, kisha peni nyeusi juu yake, ufute penseli wino ukikauka. Rangi ya ua iweke kwa brashi pembeni, baka moja tu, kama kielelezo. Binti wa jirani anafanya hivyo na alama zake si mbaya.

Ni masika, Machi hadi Mei, na mawingu hayaaminiki: acha rangi nyumbani. Penseli au peni ya mafuta, na mfuko wa nailoni wa kufunikia daftari.

Kinachokuvuta ni machweo, bahari ikibadilika, au mashamba ya Lushoto yalivyopangwa kama viraka: rangi za maji, na usijilaumu kwa gharama. Penseli itakuwa ya kuchora mstari wa upeo tu.

Unataka kuuza au kuweka fremu: penseli ina usalama wa kutopauka, rangi nzuri zinavutia macho ya mnunuzi kwa haraka zaidi. Peni ya kawaida ya buluu, tafadhali, usimuuzie mtu.

Huna uamuzi kabisa: beba penseli moja ya 2B na vidonge vitatu vya rangi, njano, nyekundu na buluu. Chora kivuli kwa penseli, pitishia rangi nyepesi juu. Grafaiti itachafua njano kidogo, lakini kwa tope na miamba uchafu huo ni faida.

Na kama ni mtoto wa miaka 8 anayekuomba akufuate mikokoni, mpe penseli na daftari lisilo na mistari, mkalishe kwenye ndoo, mwonyeshe kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga mbele ya tundu lake. Raba ibaki mfukoni kwako mpaka mtakapofika nyumbani.